Dira ya Pikipiki ya Bwana Malale

Magoti yangu yalistaafu mapema kuliko mimi. Miaka ya mwisho nilikuwa nikichuchumaa kufungua nati, kisha naita mtu aje aninyanyue, na aliyekuja aliniangalia kwanza, akacheka, ndipo akanipa mkono. Kwa hiyo nilipoambiwa muda wangu umefika sikuhuzunika. Nilikabidhi funguo za stoo, nikanywa chai yenu ya kuniaga, nikaenda nyumbani kulala. Sasa mnasema niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Haya, nitaandika, ila polepole, maana uchovu huu si wa jana. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na sijasikia pikipiki iliyowaka kwa sababu aliyeipiga teke ni mwenye cheo.

Nilianza kazi Kasulu, miaka ya sabini, katika karakana ya serikali. Tuliiita karakana kwa heshima tu. Ilikuwa banda la bati lenye shimo la kukagulia magari, na mvua ikinyesha shimo lile lilikuwa kisima. Mkuu wetu alikuwa Fundi Athumani, mzaliwa wa Ujiji, mtu mfupi aliyefanya kazi ujana wake wote katika chumba cha injini cha meli ya ziwani. Injini zile zilimla sikio moja. Ukimwambia jambo asilolipenda alikugeuzia sikio hilo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kopo la petroli na brashi kuukuu, akaniambia nioshe injini zilizopangwa ukutani, nisifungue chochote. Nikaosha mpaka vidole vikanyauka. Jioni akaja akauliza, "Ipi inavuja?" Nikatazama ukutani. Zote ziling'aa, na mimi sikujua lolote. "Kesho utaosha tena," akasema, akaondoka. Nilimwona mtu mbaya sana. Kesho yake niliziosha moja moja, nikipitisha kidole kila mahali, na ile iliyovuja ilikuwa ya pili kutoka mlangoni.

Vipuri vilikuja kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa lori, na mara nyingi kilichofika hakikuwa kile ulichoomba. Uliagiza pete za pistoni, ukaletewa kioo cha pembeni. Kwa hiyo tulijifunza kuishi na vilivyokuwepo. Malapa yaliyokatika yalitoa bushi za mpira. Rejeta ya lori iliyokufa ilitoa shaba. Mimi mpaka leo nikiona kitu kimetupwa jalalani nakisimamia kwanza, na watoto wangu wanaona aibu.

Nataka kuwaeleza kazi moja tu, kwa kuwa ndiyo inayonijia usiku magoti yanaponiamsha. Ni kazi ya kufunga dira kwenye pikipiki. Najua wengi wenu hamjaifanya. Siku hizi simu ndiyo inayomwambia mtu kaskazini iko wapi, naye anapotea vilevile.

Pikipiki ilikuwa ya idara ya afya, Kibondo. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, yenye tangi pana, na aliyeiendesha aliitwa Elinami. Alikuwa tabibu, kijana mrefu kutoka Upare, na kazi yake ilikuwa kuzunguka porini kutafuta wagonjwa wa malale. Huko mashariki, kijiji cha Kitahana kikishabaki nyuma yako, pori lile lina mbung'o wa kutosha kumuua ng'ombe akiwa bado anatembea. Mbung'o huyo akimwambukiza mtu, kwanza ni homa na kichwa. Baadaye analala mchana, usiku anatembea, anagombana na watu awapendao. Akifikia hapo ujue ugonjwa umepanda kichwani, na kumrudisha ni kazi. Watu walimwita Elinami Bwana Malale, naye aliitika.

Shida yake ilikuwa njia. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Zamani ungeelekezwa: pita kwa fulani, kunja kwa fulani. Sasa fulani wote walikuwa wamehamishwa, nyumba zao zimeanguka, na njia za zamani zimeota majani. Njia mpya zilifanana zote. Miti ile nayo, nani atakuambia huu ni ule wa jana?

Kwa hiyo Elinami aliuliza watu. Na kwetu Uha huulizi njia kama unavyouliza saa. Unazima pikipiki. Unavua kofia. Unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, "Mwakeye," naye anapiga makofi, anaitika. Mnaulizana mlivyoamka, watoto, ng'ombe, mvua ya huko utokako. Mkishamaliza ndipo swali lako linapata mahali pa kukaa. Elinami alikuja hajui lolote la hayo. Alijifunza kwa sababu ya njia tu, lakini alijifunza vizuri, mpaka wazee wakasema huyu Mpare amezaliwa kwa bahati mbaya huko kwao.

Mzee aliyempenda kuliko wote aliitwa Bihondo. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, pale barabara inapokwisha na pori linapoanza. Kila Elinami alipokwenda porini alisimama pale, akasalimia, akapewa kiti na togwa, na akaambiwa habari zote: nani ana homa, kambi gani ya warina asali imehama, mto upi umejaa. Kila mtu upande ule alijua kuwa ukitaka kumpata Bwana Malale, kaa kwa Mzee Bihondo.

Lakini siku inakwisha. Elinami aliniambia mwenyewe, ameketi juu ya tairi karakanani, vumbi limemgeuza rangi.

"Ndugu Fundi, jana nimesalimia watu tangu asubuhi. Nimefika kambini giza limeingia. Mgonjwa simwoni, hadubini haina mwanga. Nimelala palepale na mbung'o."

"Ndiyo heshima yetu hiyo," nikasema.

"Najua. Siilaumu. Ila mgonjwa anakufa mimi naulizwa habari za ng'ombe wa Upare. Sina ng'ombe Upare!"

Akatoa dira mfukoni. Alikuwa ameipata kwa mpima ardhi aliyemaliza kazi yake akarudi kwao. Ilikuwa nzuri, ya duara, kasha la shaba, ndani imejaa kimiminika na kibao kidogo cha alama kikielea juu yake. Alitaka ifungwe dashibodini, kando ya spidomita, aione bila kuinama. Pori lile alikuwa na ramani yake, milima na mito haikuhamishwa na mtu. Akiwa na dira angekata moja kwa moja.

Nikasema hiyo kazi ya asubuhi moja. Na kweli niliimaliza asubuhi moja. Nilitoboa bamba la dashibodi, nikapiga tupa mpaka tundu likawa duara safi, nikaipachika dira, nikaifuta kwa kanga. Ilipendeza kama imetoka nayo kiwandani. Fundi Athumani akaja na kikombe chake, akaitazama muda mrefu.

"Igeuze pikipiki," akasema.

Tukaigeuza. Kibao cha dira hakikuhama. Tukaigeuza tena, ikatazama mlango, ikatazama msalani, kaskazini ya dira ikabaki palepale, upande wa spidomita.

"Hiyo haikuonyeshi kaskazini, kijana. Inakuonyesha spidomita."

Ndani ya spidomita mna sumaku, ndiyo inayovuta sindano ya mwendo. Nilikuwa nimezifungua nyingi, sumaku ile nimeishika kwa mikono yangu, na bado sikufikiri. Fundi Athumani alinisimulia jinsi mshika usukani wa meli alivyomfukuza juu kule kwa kusimama karibu na dira akiwa na spana mfukoni. "Nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi ni mtu wa mafuta," akasema. "Kumbe alikuwa anaogopa spana."

Basi tukaanza upya. Sikilizeni hapa, nyinyi mnaopenda kumaliza upesi. Dira inataka kukaa mbali na chuma, na pikipiki ni chuma. Kwa hiyo unainyanyua. Tulikata mkono wa kuishikilia kutoka kwenye sufuria la alumini lililotoboka, la nyumbani kwa Fundi Athumani, ambalo mkewe alisema halikuwa limetoboka sana. Skrubu tulizitoa kwenye jiko la stovu lililokufa, maana zilikuwa za shaba. Chini tukalaza vipande vya tyubu viwili ili mtikisiko usije kupasua kioo. Dira ikasimama shubiri moja juu ya dashibodi, na haikupendeza tena. Ilikuwa kama jicho la konokono.

Kisha ikabidi tuipime, na ili kupima dira lazima uwe na kitu unachokiamini. Mimi nilisema tungoje jua lichomoze. Fundi Athumani akasema jua la Kasulu linachomoza nyuma ya mlima na ukungu, tutangoja mpaka Pasaka. Akatupeleka msikitini. Ukuta wa kibla, alisema, ulipimwa na watu waliokuwa na hofu ya kukosea. Kutoka Kasulu, Maka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, na yeye alijua imeegemea kiasi gani. Shehe akatoka kibarazani akatukuta tunasukuma pikipiki uwanjani.

"Athumani, umeileta isilimu?"

"Bado inafikiri, Shehe. Leo imekuja kuonyeshwa njia tu."

Tulikaa mbali na paa la bati, tukiilenga pikipiki moja kwa moja kwenye ukuta, kisha tukiigeuza pande zote, na kila upande tukitazama dira inadanganya kiasi gani. Tulipata vipande vya sumaku kwenye spika ya redio mbovu, tukavigandisha kwa lami chini ya ule mkono, tukavisogeza, tukavikata, tukavisogeza tena. Ilipotulia nikashangilia. Fundi Athumani akawasha injini. Dira ikahama. Akawasha na taa. Ikahama tena. Tukaanza upya injini ikiunguruma, na jioni, vijana wa madrasa wametuzunguka, ikasema kweli pande zote. Ndiyo maana nawaambia kila siku: pimeni chombo kikiwa kinafanya kazi. Kikiwa kimelala kila chombo ni kizuri.

Elinami alipokuja kuichukua aliizungusha uwanjani kama mtoto aliyenunuliwa kiatu. Tulimwambia panga lake asiliweke tena juu ya tangi, maana nalo ni chuma, alifunge nyuma. Akasema hewala. Akasema pia, "Sasa nitafika kabla ya jua kupanda. Sitamsumbua mtu kwa njia." Hakuna aliyeona ubaya katika maneno hayo, hata Fundi Athumani, aliyeona ubaya katika kila kitu.

Na ilifanya kazi. Msimu ule wagonjwa walioletwa kutoka porini waliongezeka. Wengine walipona ambao hapo kabla wangekutwa wamekwisha. Hilo naliandika wazi, msije mkafikiri nimekuja kuisema vibaya dira.

Sasa nije kwa kaka yangu. Aliitwa Filipo, tulizaliwa tumbo moja, yeye wa kwanza mimi wa mwisho, na baba alipofariki ndiye aliyekuwa baba. Alikuwa mrina asali. Alichonga mizinga ya magogo, akaitundika porini mwendo mrefu kutoka kwetu Kitahana, na wakati wa kurina alikaa kambini majuma na wenzake, wakinuka moshi. Nilisoma kwa asali ile. Kila nilipomwambia mambo ya injini alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akauliza, "Na inakula nini?" Nilimpenda. Sioni kwa nini nizunguke.

Mtu aliyeleta asali sokoni Kasulu akanitafuta karakanani. Akaniambia Filipo hayuko sawa. Kichwa kinamuuma, analala juani, na juzi amempiga mwenzake kwa sababu ya kijiko, yeye ambaye hata nyuki hakuwa akiwatukana.

Elinami alikuwa Kasulu siku hiyo, amekuja kuchukua dawa. Nilikwenda mbio nikamkuta. Nilimweleza kambi ilipo: ukitoka kwa Mzee Bihondo, unaelekea mashariki, unaegemea kusini kidogo, mpaka mwamba wenye mgongo mweupe, ukivuka kijito umefika. Akafungua ramani, akaweka kidole.

"Ni malale hiyo?" nikamuuliza.

"Yaweza kuwa. Nisikudanganye. Nitakwenda wiki hii hii, Fundi. Nitamleta mwenyewe."

Alitimiza ahadi yake. Hilo nalo lazima niliandike.

Lakini huko kambini wenzake Filipo hawakujua kama mimi nimemwona Elinami. Waliona hali inazidi, wakafanya kile ambacho kila mtu wa upande ule angefanya. Walimlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa na mabibi harusi, wakamtoa porini mabegani hadi kwa Mzee Bihondo, kwa kuwa Bwana Malale husimama pale. Wakamlaza katika kibanda cha nyuma, kwenye ubaridi. Walikuwa wamechoka na mabega yamechubuka. Wakaenda Kitahana kutafuta wabebaji wengine, ili Bwana Malale asipotokea siku ile wambebe mpaka Kibondo. Wakamwacha na mzee na mkewe.

Yaliyofuata niliyapata kwa mke wa Mzee Bihondo, na kwa Elinami mwenyewe, na hayakupishana.

Pikipiki ilisikika asubuhi. Mzee Bihondo akainuka kitini, akaweka kiko chini, akaweka viganja sawa tayari kwa salamu. Elinami akaja na mwendo wake. Macho yalikuwa kwenye dira, maana pale barabara inapokwisha ndipo alipotakiwa kushika mwelekeo. Akanyanyua mkono mmoja, akapita. Vumbi likabaki.

"Mwite!" mkewe akasema.

Mzee hakuita. Kwetu anayepita ndiye anayeanza. Aliyeketi hamkimbilii mpita njia asiyemsalimu, wala hampigii kelele mgongoni, maana huko ni kujilazimisha kwa mtu, na ni kumwambia mbele ya watu kuwa hana adabu. Tangu dira ifungwe Elinami alikuwa amempita hivyo mara kadhaa, na kila mara yule mzee alirudisha viganja vyake magotini.

"Amwite nani?" akamjibu mkewe. "Kuku ndio wanaoitwa. Njia ni hii moja. Alikopita ndiko atakakorudi, na akirudi nitakuwa nimesimama njiani."

Na kweli alisimama njiani. Aliacha shamba, akasimama pale mpaka jua likageuka, mzee wa umri ule. Lakini Elinami alifika kambini, akakuta majivu ya baridi na mizinga mitupu. Akadhani wamehama. Akazunguka akiita, akakata tamaa, na kwa kuwa alikuwa na dira hakuwa na haja ya kurudi alikopitia. Akashika kaskazini magharibi, akatokea Kibondo moja kwa moja. Alijivunia kwamba aliokoa nusu ya siku.

Wabebaji walirudi wakamchukua Filipo kwa miguu. Nadhani mnajua milima ile. Nilipopata habari nilipanda lori la mahindi, nikafika Kibondo nikamkuta ameshalazwa. Alikuwa mdogo kitandani. Alifungua macho akanitambua, akaniuliza kama wameshavuna ule mzinga wa juu ya kijito, nikamwambia wameshavuna, umejaa. Akalala. Walimpa dawa ile kali inayotolewa ugonjwa ukishapanda kichwani, dawa ambayo yenyewe ni kamari. Alifariki wiki hiyo.

Nilimuuliza mganga mkuu kama Filipo angepona lau angefika siku ile ya pikipiki. Aliniangalia, akavua miwani. "Hilo hajui mtu," akasema. Nadhani alinihurumia. Heri angenidanganya, upande wowote.

Nilimchukia Elinami. Nilimchukia na Mzee Bihondo, na viganja vyake. Nilikuwa nikilala na chuki hiyo, naamka nayo, naifunga mkanda naenda nayo kazini. Baadaye nilichoka. Watu wanadhani mtu husamehe kwa wema. Wengine tunasamehe kwa kuchoka, na sijaona tofauti kubwa.

Mtauliza dira iliishia wapi. Haikutolewa. Wako vijana waliosema ing'olewe, wakidhani ndiyo nitakavyo. Nilikataa, kwa sababu porini bado kulikuwa na ndugu za watu. Ilikaa pale mpaka pikipiki yenyewe ilipokufa kwa uzee, na niliendelea kuisafisha kioo na kubadilisha vile vipande vya tyubu vilipokauka. Kazi haikuulizi kama unaipenda leo.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na matanga, nyumbani kwetu Kitahana. Elinami alikuja. Aliiacha pikipiki mbali kwenye barabara kuu, akaja kwa miguu, akasalimia kila aliyeketi, mmoja mmoja, akianzia kwa mama. Watu walimwitikia. Akakaa nyuma, karibu na ukuta, kofia mapajani.

Jioni akaja Mzee Bihondo, amesindikizwa na mkewe. Alimpa mama mkono, kisha akasimama katikati ya uwanja, hakutafuta kiti. Alisema kwa Kiha, na mtu mmoja akawa anamfasiria Elinami, lakini Elinami alikuwa ameshasimama.

"Mama Filipo," mzee akasema, "mwanao alikuwa nyumbani kwangu, na aliyemtafuta akapita mlangoni kwangu. Watu wanasema huyu kijana hakusalimu. Ni kweli. Lakini mimi nilimwona. Nilikuwa na sauti. Sikuita."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimtazama Elinami, nikitaka aseme neno lolote la kujitetea, la ramani, la jua, la wagonjwa wengine aliowaleta, ili nipate pa kuanzia kumpiga.

"Na mimi nilikuona, Mzee," akasema. "Nilikuona umesimama, viganja viko tayari. Nilikuwa na breki. Sikusimama."

Mama akainua uso. Akawatazama wote wawili, huyu na yule, kwa muda. Kisha akamwambia shangazi alete maji ya kunawa, wakaletewa beseni moja, wakanawa pamoja, wakaketi wakala. Mimi sikuweza kula. Breki zile nilizifunga mimi kabla ya kumkabidhi pikipiki, na zilikuwa zinashika vizuri sana.